Tulivyopanga kuwinda nguruwe wa Texas tukiwa Lubumbashi

Habari ilianza na ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ilikuwa Jumapili ya Februari 2023, mvua inatwanga mabati, nasi tumezunguka meza tukila bukari na sombe. Kaka wa mke wangu, anayeishi Fort Worth katika jimbo la Texas, alikuwa ametuma ujumbe wa dakika nne. Dakika tatu na nusu zilihusu harusi ya mdogo wao wa mwisho, mwezi wa nane, na nani angesimama mahali pa baba mkwe, ambaye alishatutangulia. Nusu dakika iliyobaki ilikuwa yangu: "Na weye shemeji, ujitayarishe. Huku ngulube wa pori ni wengi kama panzi. Hakuna msimu, hakuna leseni. Unafika, unapiga."

Mke wangu alisikia zile dakika tatu na nusu. Mimi nilisikia ile nusu.

Nieleze kwanza kwa nini. Nilikulia mkononi mwa mjomba wangu, ambaye enzi zake alikuwa akitoka mjini kwa baiskeli na kufuata barabara ya Kasenga, gobore limefichwa kwenye gunia tupu la makala (makaa), anarudi siku ya tatu na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nikiwa na miaka kumi na miwili alinichukua mara mbili. Halafu msitu ukasogea. Miombo iliyokuwa karibu na mji imepita kwenye mbabula zetu, majiko ya makala, gunia kwa gunia, na mnyama hakai pasipo na kivuli. Mtoto wa Lubumbashi wa leo anamjua ngulube wa pori kwa jina tu. Mimi mwenyewe nimebaki na nguruwe wa kufuga, banda dogo upande wa barabara ya Kipushi, na ndoto ambayo mara moja moja inanirudisha barabara ya Kasenga.

Basi usiku ule ule nilichukua daftari la shule la mtoto nikachora mpango. Siku kumi na sita za safari. Kuwinda usiku tatu mfululizo, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi harusi. Niliona nimepanga vizuri, hata nikapiga mstari chini kwa rula.

Mke wangu alilisoma daftari asubuhi akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Hakupandisha sauti. "Papa, ukianguka kwenye shimo Ijumaa usiku, Jumamosi nani anaingia na bibi harusi?"

Nikatafuta jibu.

"Na hawa watoto watatu, siku tatu zote hizo wako kwa nani? Wanakula nini?"

Nikatafuta tena. Akalilaza daftari juu ya meza. "Andika upya. Harusi, halafu watoto, halafu ngulube."

Nilinuna siku mbili, nakiri. Lakini mpango wa pili ulipoandikwa kwa mpangilio wake ulikaa sawa ambavyo wa kwanza usingekaa kamwe. Usiku mmoja tu wa kuwinda, Jumanne baada ya harusi, tarehe 15 Agosti. Na badala ya mimi kupotea porini huku wao wakikodoleana macho sebuleni kwa shemeji, tulitafuta shamba lenye nyumba ya wageni, familia yote ilale pale pale. "Tarehe 15? Siku ya Bikira Maria?" mke wangu aliuliza. Nikamweleza kwamba mwezi ungeandama kesho yake, kwa hiyo giza lingekuwa kamili. Hakuona hayo mawili yanahusiana wapi, ila aliniachia.

Agosti si mwezi ambao mwindaji angeuchagua. Texas wakati huo ni tanuri. Sisi tulichaguliwa na likizo ya shule, basi. Ila nguruwe hana tezi za jasho za kumpoza, kwa hiyo kwenye joto la namna hiyo anashinda matopeni na kivulini, anatoka usiku. Kuwinda usiku Texas kunaruhusiwa kwa nguruwe hawa. Joto lenyewe lilituamulia saa.

Sasa lile la "hakuna leseni".

Binti yangu wa kwanza, miaka 21, anasoma sheria UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilipomchezea ule ujumbe, akaurudisha nyuma mara mbili. "Papa, nani alisema hakuna leseni?" Nikasema mjomba wako. Akasema mjomba si sheria. Usiku huo alikesha na bando ya usiku, na uliofuata pia, halafu akanikalisha chini kama mteja.

Shemeji hakuwa amekosea. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, Texas haidai leseni ya uwindaji kwa mtu anayewinda nguruwe hawa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenye ardhi, awe mkazi wa jimbo au mgeni. Mpaka hapo, sawa. "Lakini hiyo ni sheria ya Texas kuhusu nguruwe," binti akasema. "Bunduki ni habari nyingine. Bunduki mkononi mwa mgeni ni mambo ya Washington." Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi, kama zile tulizokuwa tunaomba sisi, kushika bunduki au risasi. Ni kosa la jinai, na anayemkabidhi huku akijua anaingia naye. Kuna milango michache ya kutokea, na mmojawapo ni huu: uwe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo mojawapo.

Nikamwambia arudie polepole. Yaani Texas inaniambia sihitaji leseni kwa ajili ya nguruwe, lakini nisipokuwa nayo siwezi kugusa bunduki ya kumpigia huyo nguruwe?

"Ndiyo, papa."

Ni kama mkoa ukuambie pita, halafu Kinshasa ikukamate kwa kupita. Mkongo haoni shida kuelewa hilo. Shida yangu ilikuwa kwamba ningefika kule, shemeji angenipa bunduki yake kwa upendo wote, na sote wawili tungekuwa wahalifu bila kujua, wiki ya harusi. Yeye ana kadi ya kijani ya mkazi wa kudumu miaka mingi. Jambo hilo halijawahi kumgusa, kwa nini alifikirie? Nilipompigia alinyamaza kidogo, akasema, "Mpe yule mtoto aksanti."

Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu. Texas inauza leseni ya mgeni ya siku tano mfululizo, dola 48. Halafu kuna mafunzo ya usalama wa uwindaji: aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa kuwa ameyapitia. Mimi ni wa 1978. Lakini mtu mzima anaruhusiwa kuahirisha mafunzo hayo mara moja tu maishani kwa kulipa dola 10, mradi awinde pamoja na mtu mwenye leseni ambaye ameyapitia. Shemeji hakuwa ameyapitia. Ikabidi tumwandikie mwongozaji wa lile shamba kumuuliza kama yeye anayo, na kama atakuwa kando yangu wakati wote. Alijibu kwa mistari miwili kwamba anayo na atakuwepo. Dola 58 na barua moja. Na kwa kuwa leseni ni ya siku tano zinazofuatana, tuliianzisha Jumapili, siku ya pili ya harusi, ili hata mvua ikiharibu Jumanne tubaki na siku mbili za akiba.

Kwa mjomba nilienda Jumamosi iliyofuata, Katuba. Siku hizi macho yamepungua, lakini masikio yako kazini. Alikuwa amekaa karibu na mbabula, mahindi yanachomwa. Nikamweleza yote. Akauliza swali la fundi: "Ni ngulube yupi? Huyu wetu mwenye manyoya ya mgongo, ao ngiri?"

Wala yule wala huyu. Nguruwe wa Texas hana undugu wa karibu na hawa wa porini kwetu. Ni nguruwe yule yule wa kufuga, kama wangu wa barabara ya Kipushi, aliyetoka zizini zamani. Wahispania ndio waliowapeleka huko katika karne ya 16. Hernando de Soto alipotua Florida mwaka 1539 alikuwa na nguruwe wa kula njiani. Wengine walitoroka, wengine waliachiwa na wakulima wajitafutie chakula. Katika miaka ya 1930 matajiri wakaongeza nguruwe mwitu kutoka Ulaya na Asia ili wawe na kitu cha kuwinda, damu zikachanganyika. (Nilipomweleza mke wangu, neno lililonijia lilikuwa nguruwe walioasi. Akanitazama: "Tuko Kongo hapa. Waasi hawatutoshi?")

Mjomba aligeuza hindi. "Basi ni nguruwe wa mtu."

"Mwenyewe alishakufa, mjomba."

"Na watoto wake?"

Sikuwa na jibu la watoto wake. Nikamwambia wamekuwa wengi mno, wataalamu wa Texas wanakadiria milioni 2.6 ndani ya jimbo hilo moja. Hilo hakulishangaa. Mfugaji yeyote anajua hesabu: mimba ya nguruwe ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka akipata chakula. Watoto wanne, sita kila mzao, na hao nao kabla ya mwaka kwisha wanaanza kazi.

"Chifu wa ardhi ni nani?" akauliza. Hilo ndilo alilonifundisha tangu utoto: huingii porini kabla ya kumwona mwenye nchi, na mkono mtupu haumwoni. Nikamwambia kule karibu asilimia 95 ya ardhi ya jimbo ni mali ya watu binafsi, kila pori lina waya na mwenyewe, na tumeshaandikiana naye. Akaridhika. Halafu akaingia ndani, akarudi na soksi kuukuu isiyo na mwenzake. Akachota majivu ya mbabula yaliyopoa kwa kijiko, akayachekecha kwa vidole kutoa vipande vya makala, akajaza soksi kiasi cha ngumi, akafunga fundo. Akaigonga kwa ukucha mara moja. Ukungu mwembamba ukatoka, ukasimama kidogo hewani kama unafikiri, halafu ukaelekea kwa jirani.

"Ngulube haoni," alisema. "Macho yake ni ya kuazima. Lakini pua! Upepo ukienda kwake, rudi nyumbani ulale."

Akanipa soksi. Halafu akasema mawili mengine: nisipige mama mwenye watoto, na nisimwache kijana wangu nyumbani. "Wewe nilikuchukua ukiwa mdogo kuliko yeye."

Soksi sikusafiri nayo. Nilijaribu kujiona nikimweleza askari wa uwanja wa ndege kwamba unga huu wa kijivu ni wa kupimia upepo.

Viatu navyo sikusafiri navyo, na hapa kuna jambo ambalo wafugaji wenzangu wa Lubumbashi wanalijua kwa uchungu. Miaka michache nyuma nilipoteza nguruwe kumi na mmoja ndani ya siku tisa kwa homa ya nguruwe ya Afrika. Asubuhi mmoja hataki kula, masikio yamekuwa na rangi ya zambarau. Wiki ya pili banda ni tupu. Ugonjwa huo, ulioelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, hauna dawa. Mtu haumdhuru. Ngiri na ngulube wetu wa pori wanaubeba bila kuugua, kupe wanausambaza, na kirusi chake kinakaa kwenye nyama na hata kwenye uchafu wa soli ya kiatu. Marekani haijawahi kuupata. Na mimi nilikuwa nimepanga kwenda kukanyaga shamba lenye nguruwe wa Texas kwa buti zile zile za bandani, kwa sababu zimeshika mguu vizuri! Daktari wa mifugo anayetuhudumia alinitazama kama mtu anayetaka kuvuta sigara kwenye kituo cha mafuta. Buti zilibaki Lubumbashi. Nilinunua nyingine za mtumba Fort Worth, na wakati wa kurudi nikaziacha huko, kwa sababu nguruwe wa kule nao wana magonjwa yao ambayo sikutaka kuwaletea wangu.

Lingine lililotusumbua ni friji. Mke wa shemeji ni Msabato, nguruwe haingii mlangoni kwake, na ndani ya nyumba yake tulikuwa wageni. Ningewezaje kurudi na mguu wa nguruwe na kumwambia shemeji yangu wa kike anisogezee maziwa? Hili nusura nilikose kabisa. Aliyelikumbuka ni mke wangu, wiki mbili kabla ya safari. Shemeji akasema anaijua familia moja ya Wakongo kutoka Kivu wanaoishi Abilene, karibu na lile shamba, ambao wangepokea nyama kwa mikono miwili. Likaisha.

Bima ya safari tuliisoma mpaka mwisho baada ya binti kusisitiza, na kweli, ukurasa wa nne ulitoa uwindaji nje. Tuliongeza pesa kidogo.

Ya viza na ndege sitayarefusha. Kinshasa, foleni, swali la sababu ya safari, nikasema harusi na kuwinda siku moja, nikaonyesha barua ya shamba. Addis Ababa, Washington, Dallas. Washington afisa aliuliza kama tumekuwa karibu na mifugo, nikasema ndiyo, nina nguruwe. Akatazama soli za viatu vyetu vyote, hata za mtoto wa miaka tisa, akaangalia ndakala, wale samaki wadogo wakavu tuliokuwa tumewaandika kwenye fomu, akatupitisha. Harusi ilikuwa harusi. Niliingia na bibi harusi mkono wangu ukiwa mzima, na mke wangu akaniangalia kwa namna ambayo nililielewa lile swali lake la daftari upya.

Jumanne tuliendesha saa mbili na nusu kuelekea magharibi. Nchi imekauka, miti ya miiba waitayo mesquite, joto limepita nyuzi 40. Nyumba ya wageni ilikuwa ya mbao, na mwenye shamba alikuwa amekataza moto wa wazi kwa ajili ya ukame, ila kulikuwa na jiko la chuma lenye mfuniko. Tulichoma kuku mapema. Kijana wangu, miaka 13, alipotea nyuma ya jiko lilipokuwa limepoa, na sikumuuliza.

Saa mbili kasoro tulipanda dungu. Silijui neno wanalolitumia wao, lakini nilipoliona nilisema moyoni, hili ni dungu: kibanda juu ya nguzo, kama la kulindia shamba la mahindi kwetu, tofauti ni kwamba kwetu unakaa juu kuwafukuza nguruwe wasile mahindi, na kule unakaa juu ukiwawekea. Mbele yetu, hatua kama mia hivi, kulikuwa na pipa juu ya miguu mitatu. Ilipofika saa mbili kamili kitu kikazunguka chini yake na mahindi makavu yakarushwa pande zote, cha-cha-cha-cha, sekunde chache, kimya. Mwaka ule unga ulikuwa umepanda Lubumbashi mpaka watu wakipishana njiani wanaulizana bei badala ya salamu. Mahindi ya Zambia yakichelewa mpakani Kasumbalesa, mji mzima unalala na njaa ya mawazo. Nikasikia yale mahindi yakianguka kwenye vumbi nikakaza meno.

Tulikuwa wanne: mwongozaji, shemeji wa kutafsiri, mimi na kijana. Mwongozaji akatoa mfukoni chupa ndogo ya plastiki, akaibonyeza, unga mweupe usio na harufu ukatoka. Anapima upepo. Kijana wangu akamtazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa soksi yake mwenyewe imefungwa fundo, akaigonga kwa ukucha. Majivu yakatoka, yakaenda kule kule ulikoenda unga. Yule mzee wa Texas aliinua soksi kwenye mwanga uliobaki, akainusa, akairudisha, akacheka mabega tu bila sauti.

Tulikaa saa mbili na dakika kumi. Kijana alilala kichwa kwenye goti langu. Nyota zilikuwa nyingi, na kutoka nyumba ya wageni nilisikia mke wangu na wale wengine wawili wakizihesabu, wakipotea, wakianza upya.

Walipokuja niliwasikia kabla ya kuwaona: kufurukuta, matawi, mlio wa kugombana. Kwenye darubini ya joto, ile inayoona joto la mwili gizani, walikuwa weupe juu ya weusi, kumi na wanne, wadogo wakipenya kati ya miguu ya wakubwa. Mwongozaji akaninong'oneza kupitia shemeji: yule mkubwa wa mbele, jike, mpige huyo. Kwao hesabu ni hiyo, ukimwondoa jike umeondoa na mizao yake. Nilimwangalia kwenye darubini. Watoto watano walikuwa wanamfuata ubavuni. Nikahamisha mtutu kwa dume kijana aliyekuwa kando, nikangoja ageuke ubavu, nikafyatua.

Alianguka palepale. Wengine walipasuka kama maji yaliyomwagwa, na mwongozaji kwa bunduki yake akawapata wawili wakikimbia. Yule jike hakuwemo. Kijana aliamka na kuuliza kama tumeshaanza.

Mwongozaji hakuniruhusu kumgusa mnyama mpaka nivae glovu mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu nguruwe hawa wanabeba ugonjwa wa bruselosi na unaingia kwa mtu kupitia mkwaruzo mdogo tu wa mkono. Dume wangu alikuwa na kilo kama 35. Wale wawili wengine waliburutwa mpaka kwenye korongo na kuachwa. Kwenye joto lile nyama haingoji, alisema, na mbweha wa huko na tai wangemaliza kazi. Niliporudi na kumsimulia mke wangu, aliuliza mara mbili: "Wameachwa? Wazima wazima?" Nikasema wazima wazima. Hakusema kitu. Alichukua mguu wa ule wetu, akaukatakata, akauchemsha na chumvi na tangawizi, kisha akaukaanga na vitunguu na nyanya, saa saba za usiku. Mwongozaji alikuja na kipimo cha sindano, akakichoma ndani ya nyama kuonyesha lazima ifike nyuzi 71. Ilikuwa imepita zamani. "Mwambie," mke wangu akamwambia shemeji, "nguruwe kwetu hataki kipimo, anataka muda." Iliyobaki iliingia kwenye kasha la barafu, asubuhi tukaipeleka Abilene, tukapokelewa kwa Kiswahili, chai na nyimbo.

Kwa mjomba nilienda wiki ya kwanza ya Septemba. Sikuwa nimekaa vizuri akauliza, "Upepo?" Nikamwambia habari ya soksi ya kijana, akapiga paja. Nikamwambia habari ya jike, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kusikiliza. Halafu akataka kuona picha. Nikampa simu, nikamkuzia moja moja: dungu, dume, kijana na soksi. Kwenye picha ya mchana ya lile pipa alisimama, akaisogeza karibu na jicho lake la kulia.

"Hii ni nini?"

"Pipa la mahindi, mjomba. Lina saa ndani. Linamwaga lenyewe."

"Linawamwagia ngulube?"

"Asubuhi na jioni."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinirudishia simu, akajisogeza kwenye mbabula, akageuza hindi lake upande wa pili.

"Na wanashangaa ngulube kuwa wengi," alisema.